Mabakuli Kumi na Moja ya Baba Mdogo Wiebe

Orrin, Iowa
4 Septemba 1994

Kwako Shangazi Geeske,

Nakusalimu kwa heshima, na ninakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, kwa kuwa ni ndefu nami sikujaliwa kipaji cha kufupisha. Nilifika salama siku kumi zilizopita. Mzigo wangu ulifika siku nane zilizopita, umetembea kuliko mimi. Baba Mdogo Wiebe hajambo, kwa kadiri mtu aliyebadilishiwa nyonga mwezi uliopita anavyoweza kuwa hajambo: anajikongoja na fremu yake ya chuma, anatukana kwa Kifrisia cha kwetu, kisha anamwomba Mungu msamaha kwa Kiingereza, labda akidhani Mungu wa Kifrisia na wa Kiingereza hawapeani habari.

Ulinituma kwa jambo moja na sijalisahau. Nimrudishe mdogo wako huko kwetu Sneek kabla ya Krismasi, aishi nawe katika nyumba ya babu, kwa sababu mkewe Darlene ameshatangulia miaka mitatu sasa, mtoto hawakupata, na wewe unaamini kwamba mzee wa miaka sabini na mitatu anaweza kufia kati ya mahindi haya asijulikane mpaka harufu itoe taarifa. Bado sijamwuliza. Najiambia kwamba mtafiti hutazama kwanza ndipo aulize. Wewe utasema huo ni uoga uliopelekwa chuo kikuu, na sina hoja madhubuti ya kukupinga.

Nilikuja, nakiri, na Marekani yangu kichwani, nimeifungasha pamoja na soksi. Nilitarajia bastola, kelele na watu wenye haraka. Nimekuta ukimya, bendera hata kwenye kituo cha kuoshea magari, na mji ambao watu wake hawana miguu. Siku ya pili nilitoka kwenda dukani, mwendo wa dakika kumi na mbili. Magari matatu yalisimama. La tatu lilikuwa la polisi.

"Gari limekuharibikia, mama?"

"Sina gari."

"Pole sana," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba nimefiwa.

"Ninatembea tu."

"Unatembea kutoka wapi?"

"Kwa Wiebe."

"Aa, basi wewe ndiye yule wa Wiebe, wa kutoka Uholanzi. Panda."

Nikapanda. Nilishushwa mlangoni mwa duka na gari la polisi, na mwenye duka hakushtuka hata chembe. Alikuwa ameshapigiwa simu. Mwanamke wa kupokea malipo akaniuliza habari yangu ya leo. Mimi, mwanamke mwenye shahada tatu, nikamjibu. Nilimweleza safari, nikamweleza mgongo, nikamweleza kwamba sijalala vizuri siku mbili na kwamba nina wasiwasi na mzee. Nilipoinua uso, watu watano walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, wametulia kama waumini katikati ya mahubiri. "Nimefurahi kusikia," akasema yule mwanamke, akanipa mfuko wangu. Kumbe hapa huulizwa hali kama mlango unavyofunguliwa: ili upite.

Jokofu la Baba Mdogo ni kubwa kuliko chumba changu cha uanafunzi, na limejaa vyakula ambavyo hakupika. Majirani huvileta, bila kuitwa, bila kupiga simu, wakati wowote. Karibu vyote vina supu ya kopo ndani na viazi vya pakiti vilivyopondwa juu. Jana kililetwa kitu cha jeli ya kijani chenye karoti ndani, kinachotikisika.

"Kula, binti yangu, ni saladi," akasema Baba Mdogo.

"Inatetemeka."

"Na wewe ungetetemeka kama ungekaa saa nzima juani kwenye meza ya kanisa."

Nitamwuliza juma lijalo, au nikishapata neno la kuanzia.

Wako akupendaye,
Femke


Sneek
16 Septemba 1994

Femke,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Mimi bado nina miguu, sihitaji polisi.

Huku hatujambo. Mvua inanyesha tangu uondoke, kwa hiyo hakuna lililobadilika. Paka wa bwana wa ghorofani kwa jirani amezaa tena na mwenyewe anajifanya hajui. Kwa miaka arobaini ya ukunga nimewaona wanaume wengi wa namna hiyo. Chumba cha nyuma juu nimekipaka rangi, nyeupe, mara mbili. Kitanda cha Wiebe nimekigeuza kitazame mfereji kama alivyokuwa akipenda. Hicho ndicho chumba alichokuwa nacho kabla hajatuacha mwaka wa 1953 kwenda kutengeneza mashine za kuvunia za watu wengine.

Kuhusu hao wanaoingia na masufuria: jihadhari. Watu wa kule hucheka kwa meno yote thelathini na mawili na nyuma ya meno hakuna kitu. Sisi mgeni tunampangia siku, tunampa kahawa na biskuti moja, kisha tunafunga kopo, naye anajua heshima imetimia na saa ya kuondoka imefika. Mtu anayejaza jokofu la mwenzake bila kualikwa ana lake. Ama anataka kukutazama nyumbani mwako, ama anataka uwe mdeni wake mbele ya mchungaji.

Unasema utamwuliza "juma lijalo". Wanawake niliowazalisha nao waliniambia hivyo, na mtoto akatoka Jumatatu.

Geeske


Orrin, Iowa
2 Oktoba 1994

Kwako Shangazi mpendwa,

Natumaini mvua imepungua na paka amepata nasaba. Baba Mdogo sasa anatembelea mkongojo mmoja tu. Mahindi yanavunwa, na vumbi lake linaingia hata kwenye sukari.

Niruhusu nianze na aibu ili iishe. Jumatano ya kwanza ya mwezi uliopita, saa sita mchana, king'ora cha kimbunga kililia. Nilikuwa nimesoma juu ya vimbunga. Nilimfungia dirisha Baba Mdogo aliyekuwa usingizini, nikashindwa kumwamsha, nikakimbilia chumba cha chini ya ardhi na tochi, godoro dogo na, sijui kwa nini, pasi ya nguo. Nilikaa huko nikijilaumu kwa kumwacha mzee afe. Baada ya dakika kumi nikasikia fremu ya chuma juu ya dari, kisha sauti yake: "Wanakijaribu kila mwezi, binti yangu. Ukitoka, njoo na viazi." Nilikuwa nimekalia gunia la viazi.

Sasa nina jambo jema la kukusimulia. Katika kabati la chini jikoni nimegundua mabakuli kumi na moja ya kuokea, ya kioo na ya udongo, si ya Baba Mdogo hata moja. Chini ya kila moja pamebandikwa utepe wenye jina: D. Haugen, V. Stroh, na wengine. Manne ni ya tangu upasuaji. Saba, nilipomdadisi kwa mzunguko, ni ya tangu mazishi ya Darlene. Miaka mitatu, Shangazi. Mwanzoni nilidhani utepe ule ni ubahili: wanakupa chakula, lakini chombo wanakiandikia hati ya umiliki, usije ukawaibia. Kisha nikajiuliza kama si sisi wenye kosa, tuliokaa na mali za watu mpaka zikaota vumbi. Vyovyote iwavyo, niliona haya kwa niaba ya ukoo.

Kwa hiyo leo asubuhi, watu wakiwa kanisani na Baba Mdogo akiwa bado amelala, niliyaosha yote, nikayafuta mpaka yakang'aa, nikaendesha gari lake nyumba kwa nyumba na kuliacha kila bakuli kibarazani, na ndani yake kadi ya shukrani kwa mwandiko mzuri. Sikumsumbua mtu hata mmoja. Sikugonga hata mlango mmoja. Tangu nifike, hili ndilo tendo la kwanza la kistaarabu ninaloweza kujivunia.

Kuhusu lile neno, nimemwuliza nusu. Nilisema, "Unaikumbuka Sneek?" Akasema, "Sneek haisahauliki, ni kama jino bovu." Sikujua hilo ni ndiyo au hapana.

Halafu kuna swali ambalo sina budi kukuuliza. Chumba ulichokipaka rangi kiko juu. Ngazi za nyumba ya babu zimesimama wima kama za kupandia mnazi. Mimi mwenyewe huzishuka kinyumenyume. Mtu mwenye nyonga ya chuma atazipandaje?

Wako,
Femke


Sneek
13 Oktoba 1994

Femke,

Hatujambo. Kuhusu mabakuli umefanya vyema, na hivyo ndivyo ulivyolelewa. Chombo cha mtu kikilala kwako usiku mmoja ni mkopo, kikilala miaka mitatu ni wizi wenye mfuniko. Sasa hana deni na mtu, anaweza kufungasha.

Ngazi ni ngazi. Zimepandwa na watu wa ukoo huu tangu kabla ya reli.

Mwulize nusu iliyobaki.

Geeske


Orrin, Iowa
6 Novemba 1994

Kwako Shangazi Geeske,

Nakusalimu, na kwa mara ya kwanza sijui nianzie wapi, jambo ambalo wanafunzi wangu wangelipa kiingilio kulishuhudia. Afya ya Baba Mdogo ni njema. Hali yake si njema, na mkosaji ni mimi.

Baada ya ile Jumapili yangu ya kistaarabu hakuja mtu. Siku ya kwanza nilifurahia utulivu. Juma la kwanza nilidhani wana mavuno. Kuna mzee mmoja, Verlyn Stroh, aliyekuwa akipeleka barua hapa miaka thelathini. Alikuwa akija kila Alhamisi, anakaa saa mbili, anabishana na Baba Mdogo kuhusu matrekta yaliyokwisha kutupwa. Alhamisi ile hakuja. Wala iliyofuata. Baba Mdogo alikuwa akikaa dirishani akitazama njia, nami nikisoma kitabu, nikimsifu moyoni kwa kupenda kwake mandhari.

Juma la tatu akafungua lile kabati.

"Mabakuli yako wapi?"

"Nimeyarudisha, Baba Mdogo. Yote. Nimeyaosha."

"Umewarudishia mkononi?"

"Niliyaacha vibarazani, wakiwa kanisani. Sikutaka kuwasumbua."

Alikaa kwenye kiti polepole, kama mtu anayeteremka kisimani. "Na kadi uliandika nini?"

"Asante kwa yote."

"Kwa yote," akasema. "Umenizika, binti yangu. Umenizika na ukanipangusa vumbi."

Siku mbili tuliishi kama nchi mbili zenye mpaka jikoni. Mwishowe nikafanya jambo ambalo wewe hutalipenda: nilivuka njia, nikagonga mlango wa Dolores Haugen bila kumpigia simu. Ni mjane wa miaka sitini hivi, mkubwa wa mwili na mfupi wa maneno. Alifungua akiwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Nilidhani mmeshaondoka," akasema.

"Kwenda wapi?"

"Uholanzi. Si ulituaga?"

Nikamweleza kwamba sikumwaga mtu, nilirudisha vyombo. Akanitazama kama nilivyowahi kumtazama mwanafunzi aliyeweka Denmark chini ya Ufaransa.

"Mpenzi," akasema, na hapa kila mtu ni mpenzi, hata anayekukata nywele, "bakuli langu likiwa kwa Wiebe, nina sababu ya kwenda. Nimelifuata bakuli lile mara arobaini. Nikifika, tunazungumza, tunakunywa kahawa, naondoka nimelisahau. Verlyn naye ana la dada yake."

"Kwa hiyo lile jina chini yake..."

"Ni ili Wiebe ajue nani atarudi. Mwanamke mwenye heshima hawezi kukaa nyumbani mwa mwanamume mjane bila shughuli, nitaonekanaje? Na Verlyn, mwanamume mzima, aende akaseme amekuja kwa upweke? Afadhali afe. Sasa wewe unatuletea mlangoni kimyakimya, na kadi. Tukasema, haya, mzee anahama, au tumemchosha. Tukaona haya kuja kuuliza."

Shangazi, nimefundisha miaka kumi na minane jinsi watu wanavyokaa pamoja, na nilihitaji mwanamke mwenye unga kunieleza kwamba nimeking'oa kijiji chenye nyumba kumi na moja kwa sabuni na kitambaa safi. Kwetu urafiki umo katika kalenda. Hapa wameuficha katika kabati la chini jikoni, nami nikadhani ni uchafu. Labda ninakuza mambo. Labda ni mazoea tu ya watu wanaoona haya kukiri kwamba wanahitajiana. Lakini sisi nasi huona haya hiyo hiyo, ila hatuna hata bakuli.

Juma zima nilipita nyumba kumi na moja. Fikiria: mimi, nagonga mlango wa mtu nisiyemjua, saa yoyote, nasema, "Nimekuja kuliomba tena lile bakuli." Hakuna aliyenitoa mikono mitupu. Wa nne alinikalisha saa moja na nusu. Wa saba alinipa ile saladi, mbili. Nilirudi na mabakuli kumi. La kumi na moja mwenyewe amesema atalileta akimaliza kulitumia, na Baba Mdogo anaona huo ndio ushindi mkubwa kuliko yote. Alhamisi Verlyn alikuja. Alisimama mlangoni akakohoa. "Nimefuata lile bakuli," akasema. "Liko hapa hapa," akasema Baba Mdogo, na hakuna aliyelitazama.

Unaona sasa kwa nini nusu iliyobaki sijaiuliza. Nahofia jibu, na sijui nahofia lipi kati ya mawili.

Femke


Orrin, Iowa
11 Desemba 1994

Kwako Shangazi,

Salamu nyingi. Ni juma la tano sasa sijapata neno lako. Nilipiga simu mara tatu. Najua wewe husema simu ni ya kutangazia misiba, lakini ingekuwa vyema uipokee walau ukanushe. Je, nimekuudhi kwa barua iliyopita? Chuo kimenikubalia nikae mpaka Pasaka, kwa hiyo usitungoje Krismasi. Tuandikie mistari miwili tu.

Femke


Sneek
9 Januari 1995

Femke,

Mimi mzima. Usiupime mwandiko huu, kalamu ni mpya. Siku hizi nalala chumba cha mbele chini kwa sababu kuna joto. Bwana wa ghorofani kwa jirani ananinunulia mkate, ingawa sikumwomba, na anakaa kuliko inavyotakiwa kwa mkate mmoja.

Barua yako ya mabakuli nimeisoma. Ni hadithi nzuri. Lakini usinifanye mimi kuwa mtu asiyejua upendo kwa kuwa nafunga kopo la biskuti. Nitakuambia kitu ambacho sikukusudia kumwambia mtu. Yule Darlene aliniandikia kadi kila Krismasi, kadi thelathini na sita, na kila moja ilisema, "Geeske, njoo wakati wowote." Wakati wowote. Hivyo ndivyo unavyomwambia mtu usiyetaka aje. Anayekutaka hutaja siku, hutaja saa, kisha hungoja mlangoni. Nilizisoma kadi zote nikitafuta tarehe, mbele na nyuma. Haikuwapo. Basi sikwenda kujipendekeza mahali nisipoitwa, na mdogo wangu akazeeka huko bila mimi kuiona hata meza anayolia chakula.

Sasa nataka jibu lake, lote, kabla ya mwisho wa Februari. Chumba kinaniuma nikikifikiria.

Geeske


Orrin, Iowa
29 Januari 1995

Kwako Shangazi yangu mpendwa,

Nakusalimu, na sitakuuliza hali, kwa sababu nimejifunza kwamba swali hilo halimzuii mtu kudanganya.

Nilimwonyesha Baba Mdogo barua yako. Alivaa miwani, hakuisoma, aliutazama mwandiko. "Hizi herufi zimelalia upande usio wake," akasema. "Huyu ameandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika." Kisha akaendelea kutazama. "Zile ngazi," akasema. Nami nikaunganisha: majuma tisa ya ukimya, chumba cha chini chenye joto, mkate wa jirani. Shangazi, ulianguka. Ulianguka mwezi wa Novemba, ukanyamaza, ukaendelea kunihimiza nimlete mtu mwenye nyonga ya chuma katika ngazi zilizokuangusha wewe. Nimejaribu kukukasirikia kwa utaratibu na nimeshindwa, kwa kuwa sasa naona ulichokuwa ukikitaka, na si wewe peke yako katika ukoo huu usiyejua kukiomba.

Basi nilimwuliza, lote.

"Geeske anataka urudi ukaishi naye. Utarudi?"

"Hapana."

Akageukia dirisha. Nje theluji ilikuwa imefika kwenye kizingiti cha dirisha.

"Nimemzika Darlene hapa," akasema. "Na nikikaa Sneek, nani atagonga mlango? Watu wangu wa kule ama wamekufa ama wanasubiri miadi. Nampenda dada yangu, lakini tutakuwa wawili tunaotazama mfereji, na mmoja atalazimika kutangulia."

Jibu ndilo hilo, na ninakuomba radhi kwa kulichelewesha miezi mitano nikiliita utafiti.

Kisha nikamsomea habari ya kadi. Sijapata kumwona mtu mzee akishangaa namna ile. Alikisogeza kando kikombe chake cha kahawa.

"Miaka thelathini na sita tumemwita," akasema. "Darlene alikuwa akilitandika upya shuka la chumba cha wageni kila Mei. Akasema dada yako hanipendi, Wiebe, kwa kuwa mimi si wa kwenu. Nikamwambia labda."

"Hamkutaja siku, Baba Mdogo."

"Siku ipi? Zote."

Nimelifikiria sana neno hilo. Nilitaka kulifanyia nadharia, kisha nikaona haya. Watu wawili mmeketi pande mbili za bahari, mmoja anangoja mlango ugongwe, mwingine anangoja tarehe, kila mmoja akiamini kwa dhati kwamba mwenzake ndiye aliyefunga. Huenda nakosea, kama nilivyokosea kuhusu king'ora na mabakuli na saladi. Lakini sidhani.

Yaliyo hapa chini ameyaandika mwenyewe. Ilimchukua asubuhi nzima, na amekataa nisahihishe Kifrisia chake.

Femke

*Dada Geeske. Nyumba yangu haina ngazi za kupanda kulala. Unaalikwa siku ya Jumanne, tarehe 2 Mei 1995, saa nane na nusu mchana. Darlene angefurahi. Mimi nitakuwa mlangoni. Mdogo wako, Wiebe.*


Sneek
12 Februari 1995

Femke,

Ngazi ni kumi na nne. Nilianguka kutoka ya tisa, nimebeba pazia la chumba chake, nikalala pale chini mpaka asubuhi. Bwana wa ghorofani kwa jirani ndiye aliyenisikia. Jina lake ni Oene Postma. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa na nilimfahamu kwa paka tu. Haya, nimesema. Usiniulize tena.

Plasta ya mkono imeondolewa, na daktari, ambaye nilimzalisha mimi mwenyewe na alitoka matako mbele, anasema Mei nitaweza kusafiri. Chumba cha juu nimekifunga. Pazia nimempa Oene.

Mwambie mdogo wangu mwaliko umefika na uko sahihi, isipokuwa jambo moja. Saa nane na nusu ni saa yangu ya kulala mchana. Nitafika saa kumi.

Geeske